Nilivyotoka Eda Nikaenda kwa Nyuki

Jumapili, jioni. Baridi ya mwezi wa sita, upepo mkavu, vumbi la mtaa wetu wa Chemchem, Tabora, limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa.

Shemeji Rashidi ameondoka sasa hivi. Kahawa yake ameiacha nusu. Naandika kabla Shangazi hajaniita kula, maana nikila nitalala, na nikilala nitaamka najiuliza kama kweli niliyoyasema niliyasema.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Zuhura, fundi cherehani, mjane. Mume wangu Idrisa aliugua homa, tukadhani ni ile ya kawaida, akafariki. Hatukujaaliwa mtoto. Aliacha mizinga ya nyuki katika msitu wa Ipole, kule Sikonge. Eda yangu ilipokwisha, wazee wa pande mbili walikaa wakashauri sehemu yangu ya mizinga niwaachie ndugu zake, kwa kuwa msitu si mahali pa mwanamke, nami nichukue cherehani na vyombo vya ndani. Hakuna aliyenitolea neno baya. Walisema kwa upole, na upole wao ndio uliotaka kunimaliza, kwa sababu nilikuwa karibu kabisa kukubali.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa jibu.

Nataka nieleze hali yangu ilivyokuwa, hata kama inanitia aibu. Eda yenyewe haikuwa mbaya. Nilikaa ndani kwa baba yangu, nikavaa nguo za kawaida, sikujipamba, sikujipaka manukato, nikapokea watu, nikaitikia pole zao. Ni amri ya dini na niliitii kwa moyo mmoja. Lakini mwili una tabia zake. Ukishauzoesha kukaa, unakuwa na hoja zake za kukaa. Siku ya kwanza kutoka nilitumwa uzi Kanyenye. Nikafika ukingoni mwa barabara, bodaboda zinapita huku na huku, na mguu ukagoma. Nilisimama pale mpaka muuza karanga akaniuliza kama nimepotea. Nikarudi nyumbani nikamwambia Shangazi duka limefungwa.

Duka lilikuwa wazi.

Mimi ni mtoto wa Tabora, nimezaliwa hapa, na nilishindwa kuvuka barabara ya Kanyenye. Usiku ule ndipo nilipoamini kwamba wazee wana haki. Mtu asiyeweza kufuata uzi, nyuki atawafuata vipi?

Neema alikuja wiki hiyohiyo. Tulisoma wote sekondari, yeye mtoto wa wafugaji wa Igunga, kanisani kila Jumapili, mimi wa madrasa, na tukapatana tangu siku ya kwanza kwa sababu wote wawili tulikuwa wabishi. Siku hizi anaongoza vikundi vya vijana kutembea porini, kwenye njia ambazo zamani misafara ya wapagazi ilipita. Anachukua yeyote: aliyefeli mtihani, aliyekosa kazi, aliyeachwa na mchumba. Safari hii walikuwa wanapanda basi mpaka Sikonge, kisha miguu kupitia msituni hadi Ipole, wanalala kwenye mahema. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Zuu, mizinga ya mumeo iko njiani kwetu. Kaitazame ndipo uamue. Usiamue kwa kuambiwa."

Shemeji Rashidi alipopata habari alicheka, kicheko cha mtu mwema kabisa. "Shemeji, wewe hata panya akipita unapanda kitandani." Kweli tupu. Baba alifikiri sana, mwisho akaniruhusu. "Nenda ukawaage nyuki wa mwenzio," alisema. Ruhusa yenyewe ilikuwa ya kwenda kuaga.

Shangazi alifurahi kuliko wote. Huyu ni dada yake baba, ndiye anayeiendesha nyumba yetu. Asubuhi ya safari alitoa chetezo, akatia makaa na udi, akafukiza nguo zangu moja moja mpaka chumba kikajaa moshi. Alikuwa akiimba. Kuna gauni moja la buluu, alilipenda marehemu, hilo alilifukiza peke yake, akalinyunyizia marashi, akalifunga ndani ya mfuko wa nailoni lisipoteze harufu. Akaniwekea na kichupa cha mafuta mazuri. "Hili uvae siku ya kufika kwenye mizinga yake," aliniambia. "Usiende kwa Idrisa kama mkiwa." Nilimbusu mkono. Sikuwaza jambo lingine lolote.

Kutembea ni kugumu. Sitaki kupamba. Watu wanaandika habari za matembezi kana kwamba msitu unakupokea kwa mikono miwili. Mimi msitu ulinipokea kwa malengelenge. Begi lilinikata mabega, kiu haikuisha, na mchana wa kwanza nilibaki nyuma mpaka nikawa siwaoni wenzangu, nasikia sauti zao tu kwenye miti. Nililia kidogo pale, peke yangu, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Nilipowafikia, Neema alikuwa amewasimamisha wote. Akasema utaratibu wake ni mmoja: mwenye mwendo mdogo atangulie, wengine wote wafuate mwendo wake. Nikaona ananiaibisha. Kijana mmoja, Kassimu, kinyozi wa Kanyenye mwenye maneno mengi ya Dar, akasema, "Freshi, leo tunatembea kama msafara wa bi harusi." Watu wakacheka, nami nikatangulia nikiwa nimeuma meno.

Ukiwa mbele huna mgongo wa kuutazama. Lazima uchague mwenyewe utakanyaga wapi. Mizizi, mashimo ya muhanga, matawi ya miiba, yote yanakuja kwako kwanza, na walio nyuma wanategemea useme. Nilianza kusema. "Shimo." "Mwiba." "Hapa pana utelezi." Mwanzo kwa sauti ya mjane, jioni kwa sauti yangu. Sikuongeza kasi hata kidogo. Kawia ufike, na tulifika kambini jua likiwa bado lipo.

Jioni ile Neema alitusimulia kwamba zamani kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima mpaka abebe mzigo hadi pwani na kurudi. Nikamuuliza, je, na wasichana? Akasema wanawake nao walikuwamo katika misafara, wamejitwika vyungu kichwani, watoto mgongoni, ila sifa hawakupewa. Nililala nikiwafikiria hao. Miguu yao nayo iliuma, na hakuna aliyewaita nyuma kuwaambia njia si mahali pao.

Sasa nifike kwenye mizinga.

Tulipokelewa Ipole na Masanja, aliyekuwa mshirika wa Idrisa. Ni kijana mkimya, ndiye aliyeitunza mizinga yote tangu msiba. Tulimkuta asubuhi, akatuamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akatukaribisha uji, akanipa pole akitazama chini. Akasema hatutavuna mchana, tutakwenda tu kuiona kwa mbali, nyuki wametulia, hamna neno. Nikaomba nafasi nibadilishe nguo.

Nilioga kwa maji ya ndoo. Nikafungua mfuko wa nailoni. Harufu ya udi iliponifikia nilikaa chini, kwa sababu ilikuwa harufu ya nyumba yetu, ya Ijumaa zetu, ya Idrisa akitoka msikitini. Tangu afariki sikuwa nimenukia. Nikavaa gauni. Nikapaka mafuta ya kichupa mikononi, shingoni, nyuma ya masikio, kama nilivyokuwa nikipaka akikaribia kurudi kutoka huku huku msituni. Nitasema ukweli: nilijipamba kumwendea mume wangu. Nilijua amekufa, na nilijipamba.

Mizinga ilikuwa imening'inizwa kwenye miti kwa waya, nyegere wasiifikie. Mizuri, imepakwa rangi, alama yake Idrisa ubavuni. Tulisimama mbali kama Masanja alivyotuelekeza. Nikasogea. Hatua chache tu, nilitaka kuiona alama ile vizuri.

Alikuja mmoja, akanizunguka kichwa. Wakaja wengine. Kisha sauti ikabadilika. Aliyewahi kuisikia anajua ninachosema, na asiyewahi namwombea asiisikie. Masanja akapiga kelele tukimbie, tusiwapige, tuingie vichakani. Nilikimbia nimejifunika ushungi, naumwa mikono, naumwa shingo, na nyuma yangu Kassimu akipiga mayowe. Yeye ndiye aliyerudi kunishika mkono nilipoanguka. Akaumwa yeye kuliko mimi.

Tulipokusanyika, Neema akaanza kuwatoa watu miiba kwa kuikwangua kwa ukucha. Kassimu alikuwa amevimba mdomo na jicho moja limefunga. Masanja alitupitia mmoja mmoja, akinusa, na uso wake umekasirika. "Nani amejipaka manukato? Nyuki hawapendi harufu kali. Nani?"

Nilikunja mikono ndani ya ushungi.

Nilijua palepale. Niliishi na mfuga nyuki, nilimwona mara ngapi akivua shati nililomfulia kwa sabuni ya kunukia, akisema hili si la kazi. Nilijua, na nilinyamaza, na watu wote wakatazamana, na msichana mmoja akaanza kunusa mikono yake mwenyewe kwa hofu kwamba labda ni losheni yake. Hapo ndipo niliposhindwa. Singeweza kumwacha mtoto wa watu abebe mzigo wangu. Nikasema, "Ni mimi. Nguo imefukizwa udi. Na mafuta nimejipaka."

Masanja alinitazama, akalitazama gauni, nadhani alilitambua, akageuka. Kassimu ndiye aliyesema, kwa mdomo wake ule uliovimba: "Dada Zuu, ungetuambia kuna harusi na sisi tukavaa."

Walicheka. Mimi nililia. Wahenga wanasema la kuvunda halina ubani, na langu nililivundisha kwa ubani wenyewe. Mchana kutwa nilikaa mlangoni mwa hema nikijitungia jibu la kumpa Shemeji: chukueni, ni yenu, mlikuwa na haki, mimi niacheni na cherehani yangu. Nililitunga vizuri, likawa fupi na la adabu.

Neema alikuja akakaa. Nilitegemea maneno ya kufariji, hana tabia hiyo. Alikuwa kwanza amemweka Kassimu kivulini, akahakikisha anapumua vizuri na uvimbe hauongezeki, ndipo akaja kwangu na ndoo. "Fua," akasema. "Zote. Majivu, si sabuni." Basi nikafua. Nguo zote alizozifukiza Shangazi kwa mapenzi, nilizisugua kwa majivu nikazisuuza na kuzisugua tena, na gauni la buluu nikalifua mwisho. Hilo nililinusa kwanza. Nikakaa nalo kidogo magotini. Halafu nikalitumbukiza.

Ilikuwa kama kumwosha tena. Sina namna nyingine ya kusema.

Jioni mke wa Masanja aliniazima suruali na shati la kazi, vinanuka moshi wa kuni mpaka unapiga chafya. Kesho yake jua likishuka tulirudi kwenye mizinga, Masanja, Neema na mimi. Nilikuwa nimemwomba Masanja asubuhi, akakataa, nikamwomba tena adhuhuri. Akasema, "Ukikimbia, utaniangusha na mimi." Nikamwambia sitakimbia. Sikuwa na uhakika wowote. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilivaa kofia ya wavu na glavu. Ngazi iliegemezwa mtini, Neema akaishika chini. Nilipanda nikiomba dua zote ninazozijua na nyingine nimezichanganya. Masanja alikuwa pembeni yangu kwenye tawi, akipuliza moshi, akaniambia nifungue mfuniko taratibu, nisibamize. Nyuki walitoka, wakanitembea kwenye wavu, miguu yao midogo naiona mbele ya macho yangu. Mmoja akapenya kwenye glavu akaniuma kifundo cha mkono. Nilisikia mwili wote unaniambia shuka.

Sikushuka.

Nilingoja. Maumivu yalipanda, yakafika yalipofika, yakakaa. Nikaona kumbe hapo ndipo mwisho wake. Nikaendelea kufungua.

Ndani mlikuwa mmejaa. Masega yameshonana, yamezibwa kwa nta nyeupe, mazito. Na nikafahamu jambo ambalo limekuwa likinizunguka akilini tangu siku ile: muda wote nilipokuwa nimekaa ndani kwa baba, nikitazama ukuta, hawa walikuwa wakitoka kila asubuhi, wakirudi, wakitoka. Asali ile ilitengenezwa wakati wa eda yangu. Nililia juu ya ngazi, ndani ya wavu, na ukilia ndani ya wavu huwezi kujifuta. Machozi yanashuka mpaka kidevuni na unaendelea na kazi. Masanja akanionyesha masega ya kukata na ya kuwaachia wenyewe wale. Nilikata. Nikafunika. Nikashuka kwa miguu yangu.

Wanaosema matembezi ya porini yanajenga vijana, sijui kama hili ndilo wanalomaanisha. Mimi sikujengwa. Nilivunjika mbele za watu, nikakuta bado ninaweza kufua, kuomba msamaha, kuomba nafasi ya pili. Kassimu nilimpa sega la kwanza. Akasema kwa asali ile hata jicho la pili angelitoa. Tangu jana amekuwa akiwasimulia wateja wake habari zangu, na kila anaponyoa mtu, nyuki wanaongezeka.

Leo, basi. Shemeji Rashidi alikuja baada ya alasiri. Tulikaa sebuleni, yeye, Baba, Shangazi na mimi. Nikamwamkia, nikamimina kahawa. Akautazama mkono wangu uliovimba akaniuliza kwa huruma, "Umeshaaga, shemeji?"

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia nimefika, nimefungua mzinga kwa mikono yangu, na sehemu yangu katika mizinga ile nitaichukua na kuitunza mwenyewe pamoja na Masanja.

Akaanza kuuliza, na sidhani aliuliza kwa ubaya. Siafu wakiingia kwenye mizinga, utafanyaje? Nikasema sijui, nitajifunza. Moto wa kiangazi ukipita msituni? Sijui, nitajifunza. Ukiumwa na nyuki wengi huko peke yako, nani atatujibu sisi? Nikasema, "Shemeji, hata Idrisa alianza hajui." Hapo macho yalimjaa maji. Alikuwa kaka yake. Nilisahau, katika kuomboleza kwangu, kwamba yeye naye alikuwa anajaribu kubaki na kitu cha Idrisa.

Baba alikohoa. Akasema, "Alichopewa na sheria, amekiomba. Mgawieni." Hakunitazama alipokuwa akisema.

Shemeji alisimama, akaaga kwa adabu zote, akaiacha kahawa. Najua amekwazika. Najua mtaani watasema mjane wa juzi ameshavaa suruali. Sina raha kama nilivyodhani nitakuwa nayo. Nina hofu, na mizinga, na mkono unaowasha.

Shangazi alikuwa hajasema neno kikao kizima. Huyu mama amekaa eda mara mbili katika maisha yake. Mara zote mbili alipotoka walimgawia vyombo, naye akashukuru. Sikuwahi kumuuliza kulikuwa na nini kingine cha kugawiwa. Sasa hivi, wakati naandika, ameingia chumbani kwa kisingizio cha kutafuta kibiriti. Amesimama mlangoni kitambo, ananitazama mkono. Kisha ameuliza, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za mtu mwingine, "Huyo Neema wako, watu wazima huwachukua?"

Nimemwambia sijui. Kesho asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, nitakwenda kumuuliza.